Kabureta ilisingiziwa: kisa cha Triumph Bonneville ya 1969 iliyogoma kutulia baada ya ovahole

Pikipiki yenyewe ni Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1969: silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, 649 cc, kabureta mbili za Amal Concentric, pointi (swichi ndogo zinazokata umeme ili plagi ipige moto) na koili za Lucas, umeme wa volti 12 ambao athi yake ni chanya, yaani mwili wa pikipiki umeungwa na ncha chanya ya betri. Mwenye pikipiki aliivua yote, hadi nati ya mwisho. Silinda zilichongwa, zikawekwa pistoni zilizozidi saizi kwa 0.5 mm na ringi mpya. Gaidi za valvu zilibadilishwa na siti zikasagwa. Fremu na plati zinazoshika injini zilipigwa rangi ya poda, waya zikavutwa upya kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Ni kazi safi, ya mtu mwenye subira, na ukiitazama imeegeshwa huoni pa kulaumu.

Shida ilianza ilipowashwa. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikipata moto, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta) inapanda yenyewe na kukwama juu, halafu ghafla inashuka mpaka inataka kuzima. Ukivuta mafuta kidogo tu ili uondoke, kabureta ya kushoto inakohoa. Barabarani, injini ikifika karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika inaanza kumisi, yaani moto unakosa kupiga, na ukiilazimisha inakatakata mpaka unashusha mkono. Juu ya hayo, bomba la moshi la kulia lilikuwa limegeuka bluu kuliko la kushoto, na pikipiki haikuwa na nguvu inayotarajiwa.

“Fundi, hizi kabureta zimenishinda,” ndivyo alivyoniambia, na alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Alikuwa ameshapandisha jeti kuu (kitundu kinachopima petroli) kutoka 190 ya kawaida hadi 220, amenyanyua sindano, amebadilisha plagi, amezungusha skrubu za hewa kila upande. Kila badiliko lilitibu kitu kimoja na kuharibu kingine. Plagi ya kulia ilitoka nyeusi ya masizi, ya kushoto imepauka. Mtu akiziona plagi mbili za injini moja zikisema maneno mawili tofauti, ni rahisi aamini kwamba kabureta hazijui kazi.

Kwenye injini ya zamani kabureta ndiyo mchawi wa kwanza kutajwa, kwa kuwa iko nje, inaonekana, ina skrubu, na ukiigusa injini inajibu papo hapo. Pointi zimefichwa nyuma ya kifuniko, na waya wa athi hakuna anayeukumbuka. Hata hivyo, uchunguzi ukiongozwa na kinachofikika kwa urahisi utazunguka palepale.

Dalili inafuata nini?

Kabla ya kushika spana, kila dalili iliyotajwa naitafutia jibu la swali moja: inafuata nini? Inafuata mkono wa mafuta, inafuata mizunguko ya injini, au inafuata joto? Kabureta ya aina hii haijui injini inazunguka mara ngapi. Inachojua ni slaidi, kile kizibo kinachopandishwa na mkono wa mafuta, imenyanyuka kiasi gani. Kuanzia kufungwa hadi moja ya nane ya mkono, mafuta yanatoka kwenye jeti ndogo ya sailensa. Kati ya moja ya nane na robo, mkato wa chini ya slaidi ndio unaoamua. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano na jeti yake. Jeti kuu inaanza kutawala ukishapita robo tatu. Kwa hiyo kosa la kabureta hutokea mkono ukiwa sehemu fulani, uwe kwenye gia ya pili au ya nne, mteremkoni au mlimani.

Umeme wa moto una tabia nyingine. Wenyewe huchoka injini inapozunguka kasi, inapobanwa na mzigo mzito, inapopata joto, au pale mtetemo unapofika kiasi cha kuutikisa muungano uliolegea. Na injini hii inatetemeka: pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja, na mtetemo wake huongezeka kwa haraka kadiri mizunguko inavyopanda.

Nilibandika utepe mweupe kwenye mshikio wa mafuta, nikachora alama za moja ya nane, robo, nusu, robo tatu na mwisho, na alama moja kwenye kiota chake kisichozunguka. Kifaa hiki hakigharimu kitu, na kinasema mengi kuliko vifaa vya bei. Kisha nikamwomba mwenyewe arudishe jeti za 190 na kushusha sindano kwenye pengo la katikati. Hakupenda, maana pikipiki ilizidi kukohoa. Lakini huwezi kusoma dalili za injini ambayo tiba zake zimepandana juu ya ugonjwa. Lazima kila kitu kirudi pale kiwanda kilipokiweka, ndipo kinachobaki kiwe ni kosa lenyewe.

Kwanza injini yenyewe

Hakuna maana ya kutafuta moto au mafuta kwenye injini isiyobana hewa, na injini iliyotoka ovahole haipewi imani kwa sababu tu vipuri ni vipya. Nilipima kompresheni injini ikiwa na moto, plagi zote mbili nje, nyaya za plagi zikiwa zimeunganishwa na mwili wa injini ili koili zisirushe moto pasipo njia, na mkono wa mafuta umevutwa hadi mwisho. Hili la mwisho wengi hulisahau. Slaidi za Amal zikiwa chini zinaziba njia karibu yote, silinda haipati hewa, geji inasoma kidogo, na mtu anafungua kichwa cha injini bure. Silinda hizi mbili zilisoma karibu sawa. Kinachotafutwa hapa ni ulinganifu wa pande mbili zaidi ya namba kubwa, kwa kuwa ringi mpya bado hazijakaa.

Uwazi wa valvu ulikuwa na la kusema. Kwa injini hii, ikiwa baridi kabisa, valvu ya kuingiza huwekwa 0.05 mm na ya kutolea 0.10 mm. Valvu ya kutolea ya kulia ilikuwa imebana: filageji (bamba jembamba la kupimia uwazi) ya 0.05 ilipita kwa shida. Siti zikishasagwa upya, valvu huendelea kuzama kidogo kidogo katika saa za mwanzo, na uwazi unapungua wenyewe. Ukiuacha mpaka uishe, valvu haitafunga sawasawa ikipata moto, na siti mpya itaungua. Niliziweka sawa zote nne. Kwenye Triumph njia ni rahisi: zungusha injini mpaka valvu ya upande mmoja ifunguke kabisa, kisha rekebisha ile ya aina hiyohiyo ya upande wa pili, kwa sababu hapo kijiko chake kiko mgongoni mwa kemu (mti unaosukuma valvu), na valvu imefunga kabisa.

Injini ikawa tulivu kidogo kwa sauti. Dalili zote nne zikabaki vilevile. Hilo nalo ni jibu, maana sasa najua sehemu kubwa ya injini haina kosa, na uchunguzi unaingia eneo dogo zaidi.

Sailensa na kikohozi cha kushoto

Hizi mbili nilizichukua pamoja kwa sababu zote hutokea mkono ukiwa karibu umefungwa, na zote zilielemea kushoto. Ukivua waya wa plagi ya kulia, ukaubana kwenye mwili wa injini na kuiacha silinda ya kushoto ibebe peke yake, injini ilizima. Ukifanya kinyume chake, ya kulia iliendelea, kwa kusuasua lakini bila kukohoa. Kwa hiyo tatizo lina upande, na lina eneo la mkono.

Kikohozi kwenye kabureta wakati wa kuondoka maana yake mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli chache. Moto unaungua polepole mno, unachelewa mpaka valvu ya kuingiza inafunguka, na unarudi nyuma kupitia kabureta. Mchanganyiko mwepesi hapa una vyanzo viwili vinavyoaminika: ama petroli haitoki kwenye jeti ndogo, ama kuna hewa inayoingia baada ya kabureta bila kupita ndani yake. Mwenyewe alikuwa amejaribu kuiponya hali hiyo kwa jeti kuu ya 220, jeti ambayo mkono ukiwa moja ya nane haina kazi yoyote. Ndiyo maana silinda ya kulia, isiyokuwa na kosa, ilikula masizi, na ya kushoto haikunufaika.

Nilipulizia dawa ya kusafishia kabureta kwa mshindo mdogo kuzunguka maungio ya upande wa kushoto, injini ikiwa kwenye sailensa. (Dawa hii inashika moto kwa urahisi, na bomba la moshi liko karibu. Pulizia kidogo sana, na kizima moto kiwe mkononi, kisiwe ukutani.) Ilipogusa sehemu ya juu ya flenji ya kabureta, sauti ya injini ilibadilika papo hapo. Kulia haikubadilika.

Nilipoivua kabureta ya kushoto na kuweka rula ya chuma kwenye uso wa flenji, mwanga ulipita katikati. Masikio mawili ya flenji yalikuwa yamevutwa mbele na nati. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa Amal Concentric. Mwili wake ni wa aloi laini, muungano wake unabanwa na oringi ya mpira iliyokaa kwenye mfereji wake, na oringi hiyo haihitaji nguvu. Mtu akizikaza nati kama anakaza kichwa cha injini, masikio yanapinda, katikati inanyanyuka, oringi inakosa kugusa pale juu. Na kwa kuwa flenji ni sehemu ya mwili uleule ambamo slaidi inapita, tundu la slaidi nalo linapoteza uduara wake. Nilipoisukuma slaidi kwa kidole nilihisi mahali inapokwaruza, upande ule ule uliopinda. Aloi ikipata joto inatanuka, mkwaruzo unaongezeka, slaidi inaning'inia badala ya kushuka. Hiyo ndiyo sailensa iliyokuwa inapanda na kukwama pikipiki ikiwa na moto.

Inafaa kueleza kwa nini uvujaji mdogo namna hii unasumbua sana kwenye sailensa na kupotea ukivuta mafuta. Slaidi ikiwa chini, injini inanyonya kwa nguvu lakini inapata hewa kidogo mno, hivyo kijitundu chochote kinachangia sehemu kubwa ya hewa yote. Slaidi ikinyanyuka, mnyonyo unapungua na hewa halali inakuwa nyingi, kijitundu kinabaki si kitu. Kwa hiyo injini inayokohoa chini na kuvuta vizuri juu inastahili kutafutiwa uvujaji wa hewa kabla ya kitu kingine.

Uso wa flenji niliusawazisha kwenye kioo kinene kilichobandikwa msasa laini, kwa mwendo wa duara na bila kukandamiza, mpaka alama za msasa zikaenea kote. Mikwaruzo ya ndani ilisuguliwa kidogo tu. Oringi mpya ikawekwa, nati zikakazwa kwa mkono hadi ziguse, kisha robo ya mzunguko, zikaachwa na nati za kujifunga zinazoshika zenyewe.

Kabureta ikiwa mezani, niliangalia na jeti ndogo. Kwenye hizi imebanwa ndani kabisa ya mwili, haifunguki, na ukiitumbukiza kabureta kwenye dawa usiku kucha bado utando wa petroli ya zamani unaweza kubaki humo. Mwenyewe aliniambia zilisafishwa, nami naamini, maana zilimetameta. Lakini ukipulizia dawa kwenye tundu la skrubu ya hewa, inapaswa itoke kama uzi kwenye vitundu viwili vidogo chini ya slaidi. Kulia ilitoka. Kushoto ilidondoka tone moja moja. Biti ya 0.4 mm, iliyozungushwa kwa vidole kupitia tundu la skrubu, ilileta ukoko wa kahawia. Usiiendeshe biti hiyo kwa mashine hata siku moja, maana ukilipanua tundu hilo kwa kiasi kidogo tu umeiharibu kabureta.

Baada ya hapo skrubu za hewa ziliwekwa mzunguko mmoja na nusu kutoka kufungwa, slaidi mbili zikalinganishwa ili ziinuke pamoja. Kidole kimoja kila upande kinatosha kuhisi ipi inatangulia. Injini ikashika sailensa na kuitunza, baridi na moto. Kikohozi kikaisha.

Kumisi kwenye 4,000

Hapa ndipo mwenyewe alipotarajia na misi nayo iwe imeondoka. Haikuondoka.

Niliipeleka barabarani na utepe wangu. Kwenye gia ya nne, mlima mfupi, mizunguko ya chini, nikavuta mkono hadi karibu na mwisho kwa muda mfupi tu, maana injini mpya haifai kubanwa hivyo kwa muda mrefu. Ilivuta bila kukosa. Jeti kuu, basi, inatoa mafuta, koki inapitisha, tundu la hewa la kifuniko cha tangi liko wazi. Kisha kwenye gia ya pili, barabara tambarare, mkono robo tu, nikaiacha ipande yenyewe. Ilipokaribia 4,000 ikaanza kukatika. Mkono robo haihusu jeti kuu hata kidogo. Nikarudia gia ya tatu, mkono nusu: mahali palepale pa mizunguko. Kosa lilikuwa linafuata mizunguko na kuupuuza mkono, na jaribio hilo moja lilizitoa kabureta kwenye kesi.

Sauti nayo ilikuwa na ushahidi. Silinda moja ikimisi, ya pili inaendelea kusukuma, unasikia mdundo uliopungua nusu. Huku ilikuwa ni kukatika kote, mshtuko kama vile mtu amezima swichi na kuiwasha. Silinda mbili haziwezi kukosa pamoja, kwa wakati mmoja, kwa sababu ya pointi ya upande mmoja, kondensa moja, koili moja au plagi moja. T120 ina kila kimoja cha hivyo viwili viwili. Ni lazima nitafute kitu ambacho zote mbili zinakitegemea: betri, fyuzi, swichi, waya wa kulisha koili, athi, na kile kizungusha-taiming chenye uzito na springi ambacho kinawahisha moto.

Kulikuwa na shahidi mwingine ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama. Kwenye taa ya mbele kuna ammita ndogo. Mita ya mizunguko ya pikipiki hii inaendeshwa kwa kebo kutoka kwenye injini, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu umeme. Lakini ammita inasema. Kila injini ilipokatika, sindano yake ilirukia upande wa chaji. Kwa nini chaji? Kwa sababu koili mbili, ambazo kila moja hunywa karibu ampea tatu pointi zikiwa zimefunga, zilikuwa zimeacha kunywa ghafla, na umeme wa altaneta ukakosa pa kwenda isipokuwa kwenye betri. Saketi ya moto ilikuwa inafunguka mahali fulani. Kizungusha-taiming kibovu kingechelewesha moto au kuuwahisha, kisingezinyima koili umeme. Kwa hiyo nacho kikatoka.

Zilibaki njia mbili: umeme wa kwenda na umeme wa kurudi. Nilichukua waya mrefu wenye fyuzi nikauvuta kutoka betri hadi kwenye koili moja kwa moja, nikiiruka swichi na seti nzima ya waya. Kwenye pikipiki hii upande wa kulisha ni hasi, jambo la kukumbukwa kabla hujaunganisha chochote: waya mwekundu hapa ni athi. Fundi aliyezoea magari ya leo akiona wekundu anaupeleka kwenye swichi, na anaweza kuunguza vitu vya kuchaji. Tukaenda barabarani: misi ileile. Njia ya kwenda ni nzima.

Nikauondoa waya huo, nikauweka kutoka ncha chanya ya betri hadi kwenye boliti ya krenkikesi, yaani mwili wa injini wenyewe. Misi ikaisha. Ilipanda ikapita 4,000 kwa wepesi, na kwa kuwa pistoni bado mpya nikaishusha hapo.

Mita ilithibitisha. Swichi ikiwa imewashwa, pointi zimefunga, ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye injini, pasipo waya wangu, ilisoma 0.9 V. Njia nzuri ya athi haipotezi zaidi ya 0.2 V. Nilipoisukuma pikipiki mbele kidogo, usomaji ukahama, ukapanda na kushuka. Sehemu ya umeme wa koili ilikuwa inarudi kwa kupitia mnyororo na gurudumu la nyuma!

Sababu ilikuwa rangi. Ile rangi ya poda iliyopendeza ni plastiki iliyookwa, na plastiki haipitishi umeme. Athi ya betri ilifungwa kwenye sikio la fremu lililopakwa rangi. Injini ilikaa kwenye plati zilizopakwa rangi, na plati kwenye fremu iliyopakwa rangi. Kishikio cha kichwa cha injini pia. Waya mwekundu wa seti mpya, ambao kazi yake ni kwenda moja kwa moja kwenye injini, ulikuwa umeviringishwa chini ya tangi, haukufungwa popote. Pikipiki ilipotoka kiwandani chuma kiligusa chuma kwenye boliti, na waya ule ulikuwa msaada. Sasa ndio uliotakiwa kubeba kila kitu. Injini iliwaka kwa sababu nyuzi za boliti zilikwaruza rangi kidogo kidogo, kebo na mnyororo vikasaidia. Mtetemo ulipofika kiwango chake, viunganishi hivyo vya kubahatisha vikaachana.

Tiba haikuchukua muda. Waya mnene mpya kutoka chanya ya betri hadi boliti ya injini, rangi ikakwanguliwa hadi chuma king'ae chini ya kila kiungo, wosha za meno zikawekwa, na grisi juu ili kutu isiingie. Mita ikasoma 0.05 V. Niliuangalia na upande wa kondensa, ambazo kwenye pointi za aina hii hukaa pamoja kwenye pakiti yao mbali na pointi. Nayo hujiunga na athi kupitia boliti yake, na boliti hiyo pia ilikuwa imekaa juu ya rangi. Nikaikwangua.

Bomba la bluu

Bluu peke yake haishitaki mtu. Mabomba yaliyopakwa kromu hubadilika rangi kwa joto la kawaida. Lakini mabomba mawili ya injini moja, yaliyofungwa siku moja, moja likiwa bluu hadi kwenye mkunjo na jingine limeguswa tu shingoni, hayo yanalinganisha silinda mbili mbele ya macho yako.

Niliweka taa ya taiming, inayomweka kila plagi inapopiga moto, injini ikizunguka 3,000, ambapo kizungusha-taiming kimeshafika mwisho wake. Moto unatakiwa upigwe digrii 38 kabla pistoni haijafika juu. Kushoto alama ilikaa mahali pake. Kulia ilichelewa, karibu digrii 33. Alama ni ileile kwa silinda zote mbili, kwa kuwa pistoni zinakwenda pamoja, basi ukihamisha tu kamba ya taa kutoka waya mmoja wa plagi hadi mwingine, tofauti unaiona bila hesabu.

Mwenyewe aliweka taiming injini ikiwa imesimama, kwa upande wa kushoto, akaweka pengo la pointi za kulia na kuamini kwamba upande huo utafuata. Haufuati. Kila seti ya pointi kwenye sahani hii ina kibao chake na skrubu yake ya kuisogeza, na kila silinda inawekewa taiming yake peke yake. Mpangilio nao una maana: pengo kwanza, kati ya 0.35 na 0.40 mm kwa pande zote mbili, ndipo taiming, kwa sababu ukigusa pengo baadaye umeihamisha na taiming. Moto uliochelewa digrii tano unaendelea kuungua wakati valvu ya kutolea imeshaanza kufunguka. Joto ambalo lingesukuma pistoni linakwenda kwenye valvu na bomba. Hapo ndipo nguvu ilipopotelea, na huenda ndipo valvu ile ya kutolea ya kulia ilipopata sababu ya kuzama haraka kuliko wenzake.

Niliisogeza seti ya kulia hadi alama zikaungana. Nilipima pia kwenye sailensa kuona kama uzito wa kizungusha-taiming unarudi nyumbani, nao ulirudi, pande zote sawa.

Ilivyoachwa

Jeti 190, sindano pengo la katikati, skrubu za hewa mzunguko mmoja na nusu, yaani namba zilezile ambazo pikipiki ilikuja nazo duniani. Katika vyote vilivyobadilishwa kwenye kabureta kabla haijanijia, hakuna kilichohitajika.

Rangi ya plagi bado siitegemei kwenye injini hii. Ringi hazijakaa vizuri, mafuta ya injini yanapita kidogo na kuipaka plagi weusi usiohusiana na mchanganyiko. Mwenyewe nimemwambia aiendeshe kwa mzigo wa kati, mkono ukipanda na kushuka, asiikimbize wala asiiache iungurume kwenye sailensa, maana ringi hukaa kwa kusukumwa na shinikizo la moto. Boliti za kichwa zikazwe tena injini ikiwa baridi, na kila zikikazwa uwazi wa valvu upimwe upya, kwa kuwa kichwa kikishuka uwazi nao unabadilika. Valvu ya kutolea ya kulia ndiyo ipimwe ya kwanza. Ikiwa imebana tena safari hii, kichwa kitafunguliwa tuitazame siti.